Mawe ya Barafu na Neno Moja la Ziada

Nakumbuka siku moja ya Novemba, hapa hapa Gesima, mwanangu, nilipoamka nikakuta mawingu yamejazana upande wa Sotik, nami nikaogopa kabla sijafungua mlango wa jikoni. Wewe ukiyaona mawingu unafikiria mvua tu. Mtu aliyelishwa na chai huyaangalia kwa jicho lingine. Mwaka uliotangulia, mvua ya mawe ilikuwa imeupiga mteremko wetu kwa muda mfupi tu, na michai ikabaki vijiti vitupu. Tulikaa wiki nyingi bila cha kuchuma. Tulikula ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni, na hata hizo zilitoka kwa jirani.

Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa baba na mama wa nyumba. Wazazi wetu walikuwa wameshazikwa pale nyuma ya migomba, mmoja baada ya mwingine, nami nikaacha shule nikiwa kidato cha pili ili wadogo zangu waendelee. Mama yako, Kemunto, mmoja wao, alikuwa darasa la nane. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya mtihani wake wa taifa. Alikuwa amevaa sare, amepaka miguu mafuta, anatafuta kifutio chake huku akinung'unika kwamba kuna mtu amekichukua.

Ndipo baba mdogo Ondieki, ndugu wa marehemu baba yetu, akaingia uani akihema, suruali imelowa umande mpaka magotini.

"Nyaboke! Bado mnatafuta vifutio? Wenzenu wameshaingia kwenye chai!"

"Kuna nini, baba mdogo?"

"Redio imesema. Nimeisikia dukani kwa masikio haya. Mawe yenye barafu yameonekana huko juu. Yanakuja!"

Kwetu, mwanangu, ukitaja mawe, na barafu, na juu, kwa pumzi moja, hakuna mkulima atakayekuuliza una maana gani. Nilitazama bondeni. Kweli, watu walikuwa wameinama kwenye michai, hata vikongwe walioacha kuchuma zamani, wakizoa majani yaliyokomaa na machanga bila kuchagua, ilimradi kikapu kijae kabla ya mbingu kufunguka.

Baba mdogo akamgeukia Kemunto. "Vua hiyo sare, ushike kikapu. Mtihani utakuwepo hata mwaka ujao."

"Chai pia itakuwepo mwaka ujao," Kemunto akajibu, kisha akajificha nyuma yangu, maana alijua amevuka mpaka.

Nilijua chai ile ikipigwa tena, hakuna mtoto wa nyumba yetu atakayekwenda shule yoyote, awe amefaulu au amefeli. Nilijua pia kwamba karatasi ya mtihani haimsubiri mtu. Nilisimama pale katikati ya uani, mkono mmoja umeshika kikapu na mwingine umeshika bega la dada yangu.

Nyanya yetu, ambaye sote tulimwita Magokoro, alikuwa amekaa kizingitini akimenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Ondieki, hayo mawe yameonwa na nani?"

"Na wanasayansi, mama."

"Waliyaona kwa macho?"

"Kwa darubini. Ile mitambo mikubwa."

"Mimi mvua ya mawe imenipiga tangu sijaolewa, na sijawahi kuhitaji darubini kuiona." Akatupa ganda. "Redio ilisema yanakuja Gesima?"

"Ilisema yako juu. Sasa kitu kikiwa juu kitaenda wapi, mama?"

"Sikuuliza kitaenda wapi. Nimeuliza redio ilisema nini."

Baba mdogo akakuna kichwa. Akakiri kwamba hilo neno "yanakuja" hakulisikia redioni. Huenda alilisikia njiani, au huenda alilitia mwenyewe akiwa anakimbia.

Hapo Magokoro akanigeukia mimi. "Na wewe umesimama hapo kama mgeni? Nyumba hii iko mikononi mwako. Huyu amekuletea woga wake, wewe ukaupokea bila hata kuufungua uone una nini ndani. Mimi nikiondoka, nani atauliza?"

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu hakuyasema kwa hasira. Nilimwambia Kemunto aende. Akashika njia mbio, bila kifutio.

Usidhani nilipata amani. Nilichuma peke yangu mchana ule, majani mawili na chipukizi kama chai inavyotakiwa kuchumwa, masikio yangu yakisikiliza ngurumo. Mama mmoja wa ng'ambo ya kijito alinipigia kelele, "Nyaboke, huyo msomi wako atakuja kuizuia barafu kwa kalamu?" Wenzake wakacheka. Nami nikawaza, je, kama wao ndio wenye akili na mimi ndiye ninayewaua ndugu zangu kwa njaa?

Alasiri, mwanangu, mvua ya mawe ilinyesha. Ndiyo, ilinyesha. Punje zake zilikuwa kama mahindi, na sehemu yote ya chini ya shamba letu ikachanika. Kemunto aliipitia akirudi, mfuko wa plastiki kichwani, mabega yana alama, akisema swali la mwisho lilikuwa rahisi. Baba mdogo alikuja kusimama chini ya paa letu. "Si nilisema?"

"Mvua ya mawe ya Novemba," Magokoro akamjibu, "hata kuku wangu angeitabiri."

Baadaye Kemunto alimuuliza mwalimu wake, ndipo tukajua habari yenyewe. Kuna mawe makubwa yanaitwa asteroidi, yanalizunguka jua mbali sana na sisi, na moja lilikuwa limeonekana lina barafu usoni pake. Basi. Wengine walicheka. Mimi sikucheka sana, kwa kuwa upande wa chini ulikuwa bado vijiti, na Krismasi ile tulikula ugali kwa mboga za kienyeji tu. Lakini mama yako alikuwa amemaliza mtihani wake.

Sasa juzi umeniletea simu, macho yamekutoka. Wanasayansi wamechukua vumbi kutoka kwenye jiwe la aina hiyo, wakalileta duniani, wakakuta madini yake yamefungia maji ndani. Hilo lilikuwa la kweli. Lakini chini ya habari hiyo mtu mmoja alikuwa ameandika kwamba jiwe hilo litatuangukia na kuigharikisha dunia, na mwingine kwamba hatuna haja tena ya kulinda chemichemi zetu, kwa kuwa maji yako tele huko juu. Hukula chakula chako. Ukaniuliza, "Mama mkubwa, kuna maana gani kusoma ikiwa dunia inaisha?" Sikukucheka. Mimi mwenyewe niliogopa, kama asubuhi ile.

Kwa hiyo nakuambia ninalolijua. Ukiogopa, ogopa, sijapata dawa ya hilo hata katika umri huu. Ila kabla woga haujakufanya utupe kitabu au uache chemichemi ikauke, rudi kwenye neno lenyewe. Uliza nani ameona, ameona wapi, na alisema nini hasa. Kisha litafute lile neno lililoongezwa njiani, maana karibu kila mara lipo, na mara nyingi ndilo linalokutetemesha. Hata ukiuliza vizuri, mvua inaweza kukupiga. Uliza hivyo hivyo.

Mungu akuweke, mwanangu. Akupe masikio yanayosikia neno zima na ulimi usioliongezea. Nawe ukijaliwa nyumba yako, watu watakuja uani kwako wakihema. Akujalie utulivu wa kuwakaribisha wakae kwanza.