Kutu ya Upanga wa Theodosia

Mtaani South End, katika mji wa Louisville, hapakuwa na jambo ambalo Gaudiosi hakulijua. Aliweza kuutambua ugonjwa wa gari kwa kuusikiliza mlio wake, na bado gari likazimika njiani. Theodosia, mkewe na mama wa mwanawe Azarias aliyekwisha kujitegemea, aliyekua naye katika kambi ya wakimbizi kule Kasulu, alikwisha kuzoea kumtazama kama jogoo aliyepanda juu ya paa: atawika, kisha atashuka.

Basi bibi mmoja wa Kizungu, ambaye Theodosia alimwogesha na kumlisha katika miaka yake ya mwisho, alimwachia upanga wa Kijapani ambao baba wa bibi huyo aliuleta kutoka vitani. Theodosia hakuwa na haja ya upanga. Alitaka kuuuza, waachane na kazi za ghala na kuhamia Buffalo, ambako dada yake, aitwaye Florida, alikuwa amekodi chumba cha ushonaji na kumwekea nafasi ya cherehani karibu na dirisha.

Akampigia simu Eliakunda, Mpare wa Westerville, kando ya Columbus, aliyekuwa mthamini katika nyumba ya mnada.

"Mama Azarias, uje nao kama ulivyo," alisema mzee huyo. "Usifute hata vumbi."

Gaudiosi alicheka hadi akakohoa. "Kama ulivyo! Tupeleke chuma chenye kutu ugenini, waseme Warundi hatuna maji? Kambini nani alikuwa akinoa mapanga ya kijiji kizima?"

"Wewe, Baba Azarias. Na nani alikuwa akiyavunja?"

Kule kambini akina mama walisugua sufuria kwa majivu na mchanga, wakazipanga uchanjani zimeremete mbele ya wapita njia, na mgeni aliupima unadhifu wa nyumba kwa mng'ao huo. Ilikuwa desturi njema; Gaudiosi aliipeleka pasipo pake. Mkewe alipokuwa kazini, alichomoa kijiti cha mwanzi kilichoushikilia mpini, akauvua, akakuta shina la upanga, lile lichomekwalo mpinini, limevaa kutu nyeusi. Akachukua tupa. Alipomaliza aliurudisha mpini mahali pake, akanyamaza, apate kusifiwa mbele za watu.

Huko Westerville, Eliakunda aliuinua upanga dirishani, akaonyesha wimbi jeupe lililoandama makali.

"Huu si wa kiwandani. Umefuliwa kwa mkono. Afisa wa Kijapani aliuvalisha tu mpini wa jeshi."

Theodosia alisogea karibu. Kisha mzee akauvua mpini. Shina lilimeta.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, ndugu yangu," alisema Gaudiosi, kifua mbele. "Ulikuwa umechafuka!"

"Kutu hiyo ndiyo iliyoshuhudia umri wake. Na jina la mfuaji lilichongwa hapa hapa. Umelisaga lote."

"Lakini unang'aa!"

"Hata kijiko changu kinang'aa, mzee mwenzangu." Akamgeukia Theodosia, sauti ikashuka. "Jana ungenunua duka, shemeji. Leo nyumba yetu ya mnada itakupa bei ya cherehani, na nauli ya basi hadi Buffalo."

"Nauli ya watu wangapi?"

"Mmoja."

"Tusiwe na haraka," aliingilia Gaudiosi. "Louisville nitamtafuta mtu anayejua."

"Anayejua ni wewe, Baba Azarias. Ndiyo maana nauuza hapa."

"Na mimi, nani atanipikia?"

"Sufuria zipo," alisema Theodosia, akifunga mkoba wake. "Zisugue kwanza."