Anayenguruma kwa Mdomo

Anayetuonyesha filimu kwenye kibanda cha mabati, hapa mjini Baraka, hakai chini hata mara moja. Kila Jumapili mchana anaweka katuni ileile ya Kijapani, ya vijana wanaoshindana kwa magari kwenye barabara za mlimani. Kijapani hakijui. Anasimama kando ya televisheni na kutusimulia: "Huyu iko anaogopa ile kona, lakini hatasema." Mkono mmoja umeshika telekomande, mwingine umekaa kwenye komeo la mlango. Magari yakianza tu kunguruma, anazima sauti yote na kuyangurumia mwenyewe kwa mdomo, mashavu yakitetemeka, mate yakiruka mpaka bamama wa mbele wanajifuta wakicheka. Wageni hulalamika: "Papa, rudisha sauti!" Anazidi kunguruma. Sisi wa zamani hatumwombi. Mwaka jana magari ya watu wenye bunduki yaliingia kwa barabara itokayo Nundu, nasi humu ndani tukapiga makofi, tukidhani ni ya filimu. Tangu siku ile benchi la nyuma halijajaa tena.

Jumapili iliyopita alifika kwenye mashindano ya mwisho, akanguruma vizuri kuliko siku zote. Ghafla akafunga mdomo. Kwenye televisheni gari jeupe liliendelea kupanda mlima kimyakimya, lakini mlio haukukatika. Tukacheka, tukamshangilia. Yeye akanigeukia mimi niliyekuwa karibu na mlango, midomo ameibana.

"Mama Merveille," akasema polepole, "ile haiko yangu."