Bibi Anamuuza Ng'ombe Wake Ili Nirudi Sokoni

Admin, jina langu lifiche ila uzuri wangu uache, watu wafaidi. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nne, wa huku Machame juu ya Kwa Sadala, na nasema bila aibu: kuanzia kwetu mpaka Shirimatunda hajazaliwa wa kuisoma chati ya Bitcoin kama mimi. Ikitaka kupanda inaniangalia usoni kwanza. Shule niliishia kidato cha pili, siyo kwa ujinga, walimu ndio waliishiwa cha kunifundisha.

Kazi yangu ni mpagazi wa mlimani, wenyewe tunaitana wagumu. Wageni wakipungua nashinda kijiweni kwa kinyozi nawafundisha wenzangu kutrade. Na siyo kununua na kukaa kama unasubiri kahawa ikomae. Mimi nacheza ya leverage, ile ambayo app inakuongezea nguvu: bei ikisogea kidogo upande wako umekula sana, ikisogea kidogo upande wa pili umelambwa chote. Ndiyo maana kuna stop loss. Unaweka mapema bei ya kukutoa, hasara ikifika pale unatolewa mwenyewe, unabaki na mtaji wa kesho. Kijiweni nilikuwa nawaambia, "Stop loss ni kama mke wa mtu, ukimwona pale usimguse." Wanacheka, ila walishika.

Naishi na Bibi, mama yake baba. Ananiita mume wangu, utani wa bibi na mjukuu mnaujua. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa anaitwa Sikujua, ng'ombe wa ndani, tangu azaliwe hajui malisho yanafananaje. Anakula migomba na majani ninayomkatia mimi. Maziwa yake ndiyo sukari ya nyumba, ndiyo sadaka ya Jumapili, ndiyo dawa za presha za Bibi.

Msimu huu Bibi alipouza kahawa yake alinipa hela nimzalishie. Mwanzo nilimpa raha. Nikamnunulia mabuti ya mvua na kitenge, akavivaa vyote kwa pamoja akaenda navyo usharikani, na jua linawaka. Wamama wakaanza kuniita mwekezaji. Mimi nani nikatae?

Halafu nikapata safari ya mlima, nikapanda na trade ikiwa wazi kwenye simu. Niliposhuka akaunti ilikuwa nyeupe. Nikamwambia Bibi kule juu mtandao ulikata, nikashindwa kuifunga. Kijiweni nikawaambia hivyo hivyo, wakanipa pole na chai.

Bibi hakunilaumu hata kidogo. Aliendelea kumenya ndizi, kisha akasema, "Pole, mume wangu. Kumbe ule mlima unakula mpaka sisi tulio chini."

Heri angenitukana.

Juzi nipo nakata migomba, namwona anaingia na mnunuzi wa ng'ombe kutoka Kwa Sadala. Yule baba akamshika Sikujua mbavu, akamwangalia meno, akasema atakuja kumchukua siku ya soko. Nilipomuuliza Bibi kulikoni, akanijibu kama mtu anayeniletea zawadi. Ni mtaji wangu.

"Safari hii hupandi mlima," akasema. "Utakaa hapa sebuleni, mtandao umejaa, na mimi nitakaa hapa hapa pembeni yako."

Nikamwambia Bibi, nimeacha hayo mambo.

"Kwani kahawa ikiungua mwaka mmoja tunang'oa mibuni?"

Nikamkumbusha dawa zake zinatoka wapi. Akacheka, akasema nikipata faida nitamnunulia ng'ombe wawili. Maneno hayo ni yangu mimi. Nilimwambia mwenyewe siku ananipa hela ya kahawa.

Siku ya soko ni kesho kutwa. Na atakayeshika kamba kumtoa Sikujua ni mimi, maana yule ng'ombe hamfuati mtu mwingine. Nikikataa mtaji, Bibi atauliza kwa nini, sababu mtandao si upo? Nikikubali, banda linabaki tupu. Na kibaya zaidi, kuna upande wangu unataka auzwe. Jana baada ya kumpa majani nilijikuta nimekaa mlangoni kwa banda, naangalia chati, napiga hesabu ya kuingilia.

Huku kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, lile tunalopanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, na mwenzako akiliona hana njia, lazima akusamehe. Nimeshalikata. Liko mfukoni tangu asubuhi, linaanza kulegea. Msamaha wa Bibi sina wasiwasi nao. Tatizo huwezi kumpa mtu sale halafu ukanyamaza, lazima useme ulichofanya. Na akishanisamehe, ninavyomjua, anaweza kumuuza vile vile, aseme sasa mume wangu ametubu.

Mwenzenu nishaurini: nimpe lile jani leo, au nifunge virago nitoroke kabla ya siku ya soko? Ila msinishauri kabla hamjajua hili, sijamwambia mtu.

Mtandao haukukata. Kambini kuna jiwe ambalo wagumu wote tunapandia kupiga simu nyumbani. Nilikuwa juu yake, mtandao umejaa, stop loss ipo pale pale nilipoiweka. Bei ikaisogelea, nikaishusha. Ikaisogelea tena, nikaishusha tena. Mwisho nikaifuta kabisa, nikaweka simu mfukoni, nikashuka kwenda kula ugali na wenzangu. Ningetolewa pale, hela ya Bibi nyingi ingebaki. Hakuna aliyeniibia, mlima haujala kitu. Ni mkono wangu huu, na hata leo siuamini.