Umeme Ukirudi Katikati ya Wimbo

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, kwaya hushuka. Haikusudii wala haitambui. Kila mwimbaji huegemea sauti ya jirani yake, na jirani naye amechoka, hata wakifika ubeti wa tatu wote wako nusu toni chini ya pale walipoanzia. Kisha umeme hurudi, mpiga kinanda hufurahi, huweka vidole mahali palepale alipovitoa, na kanisa zima husikia ajali. Nimeongoza kwaya ya parokia yetu hapa Goma kwa muda mrefu, na ajali hiyo naijua vizuri.

Kabla ya kustaafu nilifundisha fizikia. Kazi hiyo ilinizoeza kutokubali jambo ambalo halijapimwa, na muziki haukunitoa katika tabia hiyo. Mwanafunzi akiniambia kwamba amejizoeza nyumbani, simsifu wala simkatalii, namwambia aimbe.

Msichana ninayemwandika hapa aliletwa kwangu akiwa bado shule ya msingi. Mama yake, muuzaji wa maharagwe kutoka Butembo, alinisimamisha baada ya misa.

"Muzee, huyu mutoto anaimbaka mpaka tunakosa kulala. Umufundishe ao umunyamazishe."

Nilimfundisha. Mwanzoni sikumruhusu kugusa kinanda. Niligonga diapazoni yangu, kile chuma chenye meno mawili kinachotoa noti ya la, nikamwachia aisikilize, kisha nikamzungumzisha mambo mengine: shule, bei ya makaa, ugonjwa wa nyanya yake. Halafu, bila kumwonya, nilimwomba aniimbie ile noti. Mara za kwanza alikuwa ameipoteza. Baadaye hakuipoteza tena, hata tuzungumze muda gani.

Mazungumzo yale niliyaweka ili kulisumbua sikio lake, basi. Lakini mtoto hawezi kuulizwa habari zake kila juma na asianze kuzitoa. Aliniambia kwamba anaogopa hesabu, na nikamfundisha hesabu. Aliniambia kwamba kaka yake ameacha shule na yeye hataki kumfuata. Siku moja alisema anataka kuwa mwalimu wa muziki, kisha akanitazama kama mtu aliyevunja sahani. Nikamjibu kwamba kazi hiyo inataka subira na viatu imara. Alipokua, nilimkabidhi kinanda cha kwaya.

Mwaka huu, majuma machache kabla ya Pentekoste, rais wa kwaya yetu, mwimbaji wa besi mwenye kifua kikubwa, alinifuata hadi nyumbani.

"Papa, mupiga piano wako anapigaka mu bar, kule Birere. Kila Jumamosi."

"Umemwona?"

"Batu bote banasema."

"Nimekuuliza kama umemwona."

"Muzee naye! Mi nitaingia mu bar kutafuta nini?"

"Basi hujui kitu."

Alicheka, lakini hakuliacha. Kamati ingekaa wiki iliyofuata, akasema, na msichana angeondolewa kwenye kinanda kabla ya Pentekoste.

Jumamosi ile nilipanda pikipiki kwenda Birere. Nilipomtajia dereva mahali, aligeuka kunikagua kuanzia kofia, rozari shingoni, hadi viatu.

"Muzee wa rozari! Leo unaenda kucheza?"

"Ninaenda kusikiliza."

"Bote banasemaka vile."

Baa yenyewe ilikuwa ukumbi wa mbao nyuma ya wauza viatu, wenye moshi wa nyama ya mbuzi na meza za plastiki. Yule msichana alikuwepo, kwenye kinanda, kati ya mpiga ngoma na mwimbaji mwenye miwani ya jua. Uvumi, safari hii, ulikuwa umesema kweli. Niliketi nyuma.

Jenereta ilizimika katikati ya wimbo. Mwimbaji akaendelea na ngoma peke yake, wateja wakimpigia makofi, na akashuka kama wanavyoshuka wote. Jenereta iliponguruma tena nilikaza meno kuingoja ajali. Haikuja. Msichana aliinamisha kichwa, akasikiliza, akabonyeza kitufe kidogo pembeni mwa kinanda, ndipo akaingia, pamoja na mwimbaji, palepale aliposhukia. Ilitokea tena baadaye, na tena hakukosea.

Wakati wa mapumziko alinikuta nimesimama.

"Papa, umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kuona. Kwa nini unapiga hapa?"

"Piano ya parokia inafungiwaka mu sakristia. Nikiomba ufunguo, prezida anasema nitaiharibu. Nitajizoeza wapi?"

"Unakunywa?"

"Fanta. Bananiitaka Sista." Akacheka, kisha akaacha. "Papa, banataka kunitoa ku kwaya?"

"Kile kitufe ni cha nini?"

"Kinashusha piano yote. Sikio inaniambia bameshuka mpaka wapi. Ile sikio ni wewe. Kitufe nimejifunzia hapa, ku kanisa sijakijaribu."

Mbele ya kamati nilieleza nilichoona, pamoja na baa, pamoja na Fanta. Kisha nikamgeukia rais.

"Alikuomba ufunguo?"

"Aliomba."

"Ukamjibu nini?"

Akatazama dari. Nikapendekeza msichana apige misa ya Pentekoste. Umeme ukirudi na kanisa likasikia ajali, ningemwondoa mimi mwenyewe. Ajali isiposikika, ufunguo ungekuwa wake. Walikubali, wengine wakitabasamu.

Sikuhitaji kuomba umeme ukatike. Kwetu hilo halihitaji maombi. Ulikatika wakati wa matoleo. Tuliimba bila kinanda, na nilihisi sauti zikiteleza chini ya mikono yangu kama kawaida. Katika ubeti wa nne taa ziliwaka. Mabesi wote walimkodolea macho msichana, rais akiwa wa kwanza, hata akasahau maneno. Naye aliinamisha kichwa, akabonyeza, akangoja mwanzo wa mstari, akaingia. Katika viti hakuna aliyegeuka. Akina mama waliendelea kupeleka vikapu vyao altareni.

Baada ya misa rais alimwekea ufunguo mkononi.

"Shika. Lakini usituletee bale ba bar."

"Hata kama banaimba besi kukupita, Papa?"

Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni yeye rais.

Juma lililofuata nilichelewa kufika mazoezini. Mlango wa sakristia ulikuwa wazi, kinanda kiko nje, na kwaya ilikuwa imeanza bila mimi, msichana akiiongoza kwa mkono mmoja na kupiga kwa mkono wa pili. Nilisimama mlangoni, nikaitoa diapazoni mfukoni, nikaigonga na kuiweka sikioni. Walikuwa sawasawa. Nikairudisha mfukoni, nikaenda kuketi kwenye benchi la mabesi, na rais akanisogezea kitabu chake cha nyimbo.