Siku Niliyolishwa Firigisi

Mkono wangu wa kulia una vidole viwili vinavyonisikia. Hivyo vingine vitatu vimejikunja ndani ya kiganja, na hata nikivivuta kwa mkono wa kushoto vinarudi palepale. Zamani nilikuwa msusi pale Ngara, miaka kumi na minne. Mteja angeweza kulala kwenye kiti, akaamka kichwa kimeisha.

Aliyenikata ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Nasema mapema ili mtu asifikirie ni jambazi wa njiani. Jina lake silitaji hapa. Liko kwenye faili, majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Alikuja chumbani kwangu Kangemi Jumamosi mchana, miezi minne baada ya mazishi, yeye na mama yake. Alitaka televisheni, kitanda na sanduku la vifaa vya useremala vya kaka yake. Akasema vitu vya marehemu vinarudi kwa ndugu, na kama navitaka nikubali kuwekwa naye kama mke, pamoja navyo. Nikamwambia atafute mwingine wa kuweka. Nikashika mlango nifunge, na yeye akashusha panga. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye ngazi, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Aliona kila kitu.

Majirani walinifunga kwa leso wakanikimbiza hospitali. Jioni hiyo hiyo polisi walimchukua shemeji. Nilipewa namba ya OB, ya kitabu chao cha matukio, daktari akajaza fomu ya majeraha, ile P3, na mimi nikaona serikali imenishika mkono.

Jumanne wakaja. Mama mkwe, mzee mmoja wa ukoo, na mchungaji wetu. Walibeba kuku na unga, wakapika kwenye jiko langu mwenyewe. Mchungaji aliomba mpaka ugali ukapoa. Halafu mama mkwe akachukua firigisi akaiweka kwenye mkono wangu wa kushoto. Mtu wa kwetu, magharibi ya nchi, anajua maana yake. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Nimechinja na kupika kuku tangu nikiwa msichana na sikuwahi kuionja. Mume wangu alikuwa anaila akinitazama, anacheka, ananiuliza kama mate yananitoka.

“Leo wewe ndiye mzee wa nyumba hii,” mama mkwe akasema.

Nililia. Nikaila. Ilikuwa na chumvi nyingi.

Baada ya kunawa mchungaji akatoa barua aliyokuwa ameshaiandika. Ilisema niliangukiwa na bati la paa likanikata, na kwamba sina kesi na mtu. Alinisomea mara mbili, kwa hiyo siwezi kusema nilidanganywa. Masomo yangu yaliishia darasa la tano lakini masikio ninayo. Nikauliza kwa nini iwe bati. Mzee akasema polisi hawamwachilii mtu wa panga hivi hivi. Akaniuliza pia, kwa upole sana, siku nitakaporudishwa nyumbani kwenye jeneza nani atachimba kaburi, kama shemeji yuko jela. Nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Ilitoka kama ya mtoto wa chekechea.

Waliahidi watanisimamia mpaka mkono upone. Mzee sijamwona tena isipokuwa kanisani. Mchungaji akiniona hunisalimia kwa mkono wa kushoto, anajiona mwerevu. Shemeji aliachiliwa, akahama Kangemi, na sasa ni mlinzi huko Karen, anafungulia magari ya watu lango. Analifungua kwa mikono miwili.

Nesi wa kliniki ndiye aliyeniambia serikali ina msaada kwa watu walioumizwa na wahalifu. Daktari alikuwa amesema kano zinaweza kuvutwa na kushonwa upya, nikaweza kusuka tena, lakini kabla viungo havijaganda. “Usikawie, mama,” alisema. Mimi nikashika njia ya mjini.

Msichana wa ofisi ya msaada alikuwa na adabu. Alinipa kiti, akanijazia fomu yeye mwenyewe alipoona nahangaika na kalamu. Akataka P3, na nakala ya faili kutoka kituoni. Kituoni nilizungushwa wiki sita, kila siku mwenye ufunguo yuko kortini. Walipoitoa hatimaye nikaipeleka mjini nimeikumbatia kifuani. Ile barua nilikuwa naikumbuka. Nilijiambia labda ilipotea, karatasi nyingi hupotea pale.

Msichana alisoma polepole. Akaigeuza karatasi nione sahihi yangu.

“Mama, hapa aliyekuumiza ni bati.”

Nikamweleza yote, mpaka firigisi. Yeye ni wa upande wa Kiambu, ilibidi nimfafanulie. Hakucheka. Akasema njia iko moja: niandike taarifa mpya kwamba nilidanganya polisi, nikijua naweza kuulizwa kwa nini, na nilete mtu aliyeona.

Aliyeona alikuwa mmoja.

Nilimkuta mama mkwe sokoni Kangemi, anachambua mrenda. Nikakaa kwenye debe kando yake. Nikamwomba aseme tu alichoona pale kwenye ngazi, asiongeze neno.

“Ulipokula ile firigisi, mwanangu, ulifikiri ni nyama tu?”

“Nilifikiri ni pole, Mama.”

“Ilikuwa pole. Na ukaimeza. Pole iliyomezwa haitapikwi.”

Nikamwonyesha mkono. Nikamwambia daktari amesema bado kuna nafasi ndogo. Aliutazama, na mikono yake ikaacha kuchambua.

“Nilizaa vijana wawili,” alisema. “Mmoja nilimzika wewe ukiwa mke wake. Huyu mwingine unataka nikukabidhi umpeleke jela?”

Mteja akaja akataka mboga. Nilipoinuka alinipa fungu la mrenda, akaliingiza kwenye mfuko na kuufunga fundo yeye mwenyewe, kwa sababu anajua mimi siwezi kufunga. Nilichukia sana kwamba anajua. Mboga niliipika nikaila.

Nikarudi mjini nikaandika taarifa. Niliweka majina manne: aliyekata, aliyeona, aliyeshauri, na aliyeandika. Msichana akaniuliza kuhusu shahidi. Nikasema amekataa. Kwenye nafasi ya shahidi akaandika neno moja, hakuna, na akagonga muhuri juu ya fomu.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua ndefu za mwaka jana. Mwezi uliopita daktari alivibonyeza vidole vyangu kimoja kimoja. Akavuta kiti chake karibu, nikajua. Viungo vimefunga, akasema. Hata msaada ungetoka leo, hakuna cha kushona.

Sikumwambia msichana wa ofisini. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi bado naenda kuulizia. Anafungua droo, anatoa faili, anasema bado, mama. Namwomba anisomee yale majina. Mwanzoni alisita. Siku hizi anayasoma bila kuuliza, yote manne, kwa sauti ya kawaida, na mimi nasikiliza mpaka la mwisho ndipo nashuka ngazi.