Tapi Mbili za Zawadi

Siku yangu ya kwanza katika zizi la farasi la Keshero, shefu, mkuu wa zizi, hakunipa farasi. Alinipa tapi, kile kitambaa kinene kinacholala kati ya mgongo wa farasi na tandiko, akaniambia niipitishie kiganja. "Mugongo ya farasi haisemi," alisema. "Mukono yako ndiyo itasema."

Mengine nilijifunza mwenyewe kwa kutazama. Tapi isizidi unene. Ikizidi, tandiko hubana kama kiatu kilichovaliwa na soksi mbili. Ivutwe juu sehemu ya mbele, isikandamize mfupa wa mabega. Ukishavua tandiko, soma jasho. Likienea sawasawa, umechagua vema. Palipobaki pakavu katikati ya jasho, hapo ndipo palipobanwa.

Safari, mtoto wa wafugaji wa Masisi, alikuja baada yangu. Hakuwa amechunguza lolote kati ya hayo, lakini farasi walimfuata bila kamba. Jambo hilo liliniuma kila asubuhi.

Shefu alipokaribia kustaafu, alitafuta kati yetu wawili mtu wa kushika nafasi yake na kukabidhiwa Zawadi, farasi jike niliyemtunza tangu alipoletwa. Alituagiza kila mmoja amchagulie tapi, ampande mpaka ziwa la Lac Vert na kurudi.

Mimi nilitangulia. Nilichagua tapi nyembamba ya sufu, na jasho lilienea sawa pande zote mbili. Safari alichagua nene, ya buluu. Aliifua, akaianika juu ya mawe meusi ya volkano pale uani, kama tunavyoanika nguo zetu hapa Goma.

Alirudi kwa miguu, tandiko kichwani, Zawadi nyuma yake.

"Farasi amekushusha?" nikamuuliza.

"Hapana, mukubwa. Nimeshuka mwenyewe. Alitikisa ngozi mara moja tu, nikatoa tandiko. Vijiwe vya volkano viliingia ndani ya tapi."

"Na ni nene sana. Niliiona."

"Uliiona, na miguu yangu ndiyo imelipa," akacheka.

Shefu aliupapasa mgongo wa Zawadi. Hapakuwa na kidonda. Nikasubiri neno lake.

"Weye ulichagua tapi ya muzuri," akaniambia. "Lakini siku moja ya mubaya itakuja, hata kwako. Nataka mutu mwenye atashuka."

Nilifanya kazi chini ya Safari mpaka kiuno kiliponilazimisha kuacha. Kila tapi mpya alinipa niichague mimi, mbele ya watu, akisema hakuna anayezijua kunishinda. Alisema kweli, na ukweli huo ulizidi kuniuma.

Ninyi mnaoanza, anikeni tapi kwenye kamba na kuzisugua kwa brashi. Mimi siku hizi hukaa mbele ya mlango wangu. Safari akipita na Zawadi, macho yangu huenda kwanza kwenye tapi. Kila mara imekaa vizuri. Natamani, mara moja tu, isikae.