Mama Mkwe Aliyenisemea

Mume wangu alipopunguzwa kazi, tulifunga virago kwenye chumba chetu cha kupanga Bombambili tukahamia kwa mama yake, kwenye kitongoji cha Mshangano. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yalijaa sabuni za kila rangi na vitenge vya kila nchi, na sisi tulikuwa tunaviangalia tu. Wenzangu wa sokoni, ambako nilikuwa nikipunguza na kurekebisha nguo za mitumba, walinipa pole mara mbili: ya kwanza kwa kazi ya mume, na ya pili, yenye uzito zaidi, kwa kwenda kuishi na mama mkwe. Mmoja alinishauri nisifungue mdomo wala masanduku. Nilicheka, nikabeba cherehani yangu na binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Na ugonjwa wangu niliubeba pia, ingawa wakati ule sikujua kama ni ugonjwa.

Kila mwezi ilikuwepo wiki ambayo sikuwa mimi. Hasira za kawaida ninazo, na waliokaa nami wanazijua. Hii ilikuwa nyingine. Mume wangu akitafuna karanga, nilitamani kumnyang'anya meno. Kuku akiparua mlangoni, niliona ananiparua mimi. Halafu kilio: nililia kwa sababu ugali umeshika chini ya sufuria, nikalia tena kwa sababu mtu ameniuliza nalia nini. Na chini ya yote hayo palikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilijiona sifai kuishi. Nilikuwa nikimtazama mwanangu amelala, nawaza kwamba angepata mama mwingine angekuwa na bahati.

Kisha asubuhi fulani nilikuwa naamka mzima, njaa inaniuma, nasalimia mpaka wapita njia. Nilianza kuzunguka nyumba nikiomba radhi. Mtauliza mbona sikuona kwamba balaa lile linakuja kabla ya siku zangu za mwezi. Sikuona. Tulifundwa kuzificha siku zile, nami nilikuwa mwanafunzi mzuri, nikazificha hata kwangu mwenyewe.

Lakini jikoni hazikufichika. Kwetu mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Atachochea moto, atachambua majani, atasonga ugali, ila chumvi itatiwa na mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, au na mama aliyekwisha kukoma. Wazee wanasema mwanamke huyo akiitia, walaji wataugua kifua. Mimi sikuwa na hakika na vifua vya watu, lakini sikuwa tayari kujaribu kwenye sufuria ya mama mkwe. Kwa hiyo siku zangu zilipofika nilikuwa nasema tu, "Mama, nisaidie hapa," nasogea pembeni. Yeye alikuwa anatia chumvi kwa vidole vyake vitatu, anakoroga, anarudi kwenye kigoda chake. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya hapo.

Mwaka wa pili nikapewa kazi ya kushona gauni la komunyo ya kwanza la mtoto wa jirani. Kitambaa cheupe, cha kung'aa, ambacho mama yake alikitafuta mjini kwa shida. Nilifika kwenye mikono ya gauni wiki yangu mbaya ikiwa imeanza. Mshono ukapinda kidogo. Nikaufumua, nikashona, ukapinda tena. Nilichokumbuka baadaye ni sauti ya mkasi. Mume wangu alinikuta nimekaa katikati ya vipande vyeupe, na mtoto wetu analia uani bila mtu wa kumbeba.

Ndipo kikao kikaitishwa. Shangazi wa mume wangu alikuja, dada wa marehemu baba mkwe, mwanamke mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Aliketi kitini, sisi tukaketi mkekani.

"Huyu ana mashetani," alisema, "au amevunja mwiko jikoni na yamemrudia mwenyewe. Arudi kwao akapumzike. Akipona tutasikia. Mtoto anabaki, huyo ni wetu."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anachora chini kwa kijiti. Sikumlaumu sana, maana hata mimi siku ile nisingejitetea. Kwa jinsi nilivyokuwa, niliona shangazi amesema kweli tupu: mtoto abaki, mimi niondoke. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiria nguo gani nitafunga.

Nilifikiri mama mkwe naye amekubali. Akajikohoza.

"Wifi, jikoni nipo mimi," alisema. "Chumvi natia mimi. Mwali huyu hajavunja mwiko hata mara moja."

Shangazi alishtuka. Mambo yale hayatajwi mbele ya wanaume, na mwanamume aliyekuwepo pale alikuwa mwana wa kumzaa wa mama mkwe mwenyewe. Mume wangu aliinuka kutaka kutoka.

"Kaa," mama yake alimwambia. "Ni mkeo, usikie. Kila akiniita nimtilie chumvi, amekwisha kupona. Balaa lote linakuja kabla. Nimekaa naye masika na kiangazi, halijageuka. Wifi, ni shetani gani huyo anayekuja kwa zamu na kuondoka kwa zamu? Hii ni damu yake inamsumbua. Msubirini. Siku akiniita, nitatuma mtu, mje mle hapa mumwone."

Nilifunika uso kwa khanga kwa aibu. Ndani ya khanga, pamoja na aibu, nilianza kuhesabu mwenyewe miezi iliyopita, nikaona ni kweli. Kumbe lina mwanzo na lina mwisho. Siwezi kueleza raha niliyoisikia mbele ya kikao kile cha kunifukuza.

Siku ikafika. "Mama, nisaidie hapa," nikasema, na yeye kabla ya kugusa chumvi akamtuma mtu kwa shangazi. Nilimpokea shangazi mlangoni, nikampigia goti, "Shikamoo, shangazi," nikamnawisha mikono. Tulikula ugali na dagaa wa Nyasa. Mimi nilikuwa naongea kama redio, namtania kuhusu viatu vyake. Alinitazama, akamtazama wifi yake, akaongeza tonge. Alipomaliza alisema, "Mboga imekolea," na habari za kunirudisha kwetu hazikusemwa tena.

Mume wangu aliniuliza jioni ile, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo siku zile si kwamba unanichukia?"

"Nakuchukia kweli," nikamwambia. "Ila inaisha."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo karanga akawa anakwenda kuzitafunia kwa jirani.

Mama mkwe hakuniponya. Wiki ile iliendelea kuja, na kuna miezi ilinitupa chini kabisa. Lakini alikuwa akiiona inakuja kabla yangu. Alikuwa anasema, "Mkwe, leo cherehani ipumzike," anachukua mkasi, anaufukia kwenye gunia la mahindi. Anambeba mtoto mgongoni, ananikabidhi jembe, tunakwenda kupalilia maharage. Nikilia shambani, yeye anaendelea na mstari wake. Akina mama wa jumuiya ya kanisani wakija kuuliza mbona sionekani, anawaambia nina malaria. Waliniombea malaria ile kwa miaka, Mungu awalipe, na bila shaka maombi yalinifikia kwa njia nyingine. Gauni la mtoto wa jirani mama mkwe alililipia kwa majogoo wawili na maneno matamu, na mimi nikalishona upya, wiki nzuri.

Sikuwahi kumwambia lile wazo la kutokuwepo. Lakini katika wiki ile alikuwa halali mpaka asikie nimejibu anaponiita, "Mkwe, upo?" Nami nilikuwa najibu, "Nipo, mama."

Miaka mingi ikapita kabla daktari mmoja, mwanamke, hajanisikiliza mpaka mwisho na kuniambia kuwa ugonjwa huo una jina refu, kwamba si wazimu wala tabia mbaya, na kwamba zipo dawa za kuupunguza. Nilitoka pale natembea haraka kama msichana. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Alikuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri, anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Nilichukua ungo wa mahindi kumsaidia, nikamweleza yote.

Aliweka gunzi chini. Kisha akauliza, "Na unarithiwa?"

"Hata, mama, mimi sikurithi kwako," nikatania. "Mimi ni mkwe tu."

Hakucheka.

"Mimi nilikuwa nao," alisema. "Walinirudisha kwetu. Mumeo alikuwa hajaacha kunyonya. Niliporudi alikuwa anajua kukimbia. Nikamnyooshea mikono, akanikimbia, akamkimbilia wifi."

Ungo ulinitoka mkononi, mahindi yakamwagika. Miaka yote ile nilikuwa nimemshukuru kwa jembe, kwa kumbeba mtoto, kwa uongo wa malaria. Sasa nilipiga magoti nikamshukuru kwa siku ile ya kikao, nikashindwa kumaliza, nikalia kwenye mapaja yake nikiwa na akili zangu zote timamu.

Alinipapasa kichwa kwa mkono wenye vumbi la mahindi.

"Wako alibaki na wewe," akasema. "Basi."